Ahadi Iliyomo Katika Neno Dogo: Mzungumzaji wa Kirusi na Uteuzi wa Vibainishi vya Kiingereza

Utangulizi

Kiingereza kina maneno mawili madogo, 'a' na 'the', ambayo humsumbua mzungumzaji wa Kirusi kwa muda mrefu kuliko msamiati wote wa lugha hiyo. Mtu aliyezaliwa na kulelewa Moscow aweza kukimudu Kiingereza kiasi cha kuandika tasnifu nzima, na bado akaonekana akiacha kibainishi mahali kinapotakiwa au akikitia mahali kisipotakiwa. Sababu ya kiisimu ni bayana. Kirusi hakina vibainishi vya aina hiyo. Nomino 'kniga' ni kitabu tu, kiwe kitabu kinachojulikana na wasemaji wote wawili au kitabu kinachotajwa kwa mara ya kwanza.

Kwa kawaida jambo hili huachiwa walimu wa lugha, nao hulishughulikia kwa kanuni na mazoezi. Makala haya yanalichukulia kuwa swali la kimaadili. Anayekosea kibainishi huwa amemkosea nani? Je, kosa lake ni dhidi ya sarufi peke yake, au ni dhidi ya msikilizaji pia? Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kibainishi ni ahadi ambayo msemaji humpa msikilizaji. Wajibu wa kuitimiza haukuanzia katika Kiingereza wala hauishii humo. Ikiwa ndivyo, kukosea umbo na kuvunja ahadi ni mambo mawili tofauti, na msomaji anayeyachanganya humdhulumu mwandishi.

Kinacholazimishwa na lugha

Roman Jakobson, mwanaisimu aliyezaliwa Moscow mwaka 1896 na kufia Marekani mwaka 1982, aliligusa suala hili katika insha yake ya mwaka 1959 kuhusu tafsiri. Kwa maoni yake, lugha hazitofautiani kimsingi katika yale zinazoweza kuyasema. Zinatofautiana katika yale zinazomlazimisha msemaji ayaseme. Mfano wake ni sentensi fupi ya Kiingereza inayoeleza kwamba msemaji aliajiri mfanyakazi. Mrusi anayeitafsiri hana budi kuamua kama tendo la kuajiri lilikamilika au la, na kama mfanyakazi ni mwanamume au mwanamke. Mwingereza haulizwi lolote kati ya hayo na sarufi yake. Lakini sarufi yake humuuliza jambo ambalo Kirusi hakiulizi: ni mfanyakazi fulani tu, au ni yule anayejulikana tayari?

Isidhaniwe kuwa Mrusi hana njia ya kulijibu swali hilo. Mpangilio wa maneno humtosha mara nyingi. Akisema 'kniga na stole', anazungumzia kitabu ambacho msikilizaji anakijua, na kumwarifu kilipo. Akisema 'na stole kniga', anazungumzia meza na kumwarifu kwamba juu yake pana kitabu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji ufafanuzi mrefu hapa, kwa kuwa lugha yake nayo haina vibainishi vya namna hiyo, na tofauti iyo hiyo huidhihirisha anaposema 'kitabu kiko mezani' na 'mezani kuna kitabu'. Tena anaweza kusema 'nimesoma kitabu' au 'nimekisoma kitabu', na kiambishi kimoja cha yambwa kikabeba maarifa ambayo wasemaji wawili wanashirikiana. Kwa hiyo Kirusi, kama Kiswahili, kinamruhusu msemaji kuonyesha kipi kinajulikana na kipi hakijulikani. Kisichofanya ni kumlazimisha kufanya hivyo kila anapotamka nomino.

Kutokana na hali hii huzuka kishawishi cha kudai kwamba lugha inayolazimisha huwafanya watu wake wawe waangalifu zaidi. Dai hili halina nguvu. Jambo linalolazimishwa hugeuka mazoea, na mazoea si uangalifu. Mwingereza hatafakari hali ya msikilizaji wake kila anapotamka 'the', kama vile Mrusi hatafakari falsafa ya wakati kila anapochagua kitenzi cha tendo lililokamilika. Mwingereza anayejifunza Kirusi huvikosea vitenzi hivyo kwa miaka mingi, wala hasemwi kuwa ni mtu asiyejali kama kazi imekwisha au haijakwisha.

Ahadi na deni

Ni nini basi kinachoahidiwa na 'the'? Wanafalsafa wamelijadili swali hili kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1905 Bertrand Russell alichunguza kauli kwamba mfalme wa sasa wa Ufaransa ana upara, ilhali Ufaransa wakati huo ilikuwa jamhuri. Kwa Russell, 'the' katika kauli hiyo inadai kwamba mfalme huyo yupo na ni mmoja tu. Kwa kuwa hayupo, kauli ni ya uongo. Mwaka 1950 P. F. Strawson alimpinga. Alishikilia kwamba msemaji hadai kuwa mfalme yupo, bali anachukulia hivyo kabla hajadai lolote. Kwa hiyo swali la ukweli au uongo wa kauli yake haliwezi hata kuanza.

Kwa swali la maadili, mtazamo wa Strawson ndio unaotisha zaidi. Dai la wazi linaweza kukanushwa. Jambo lililochukuliwa kuwa tayari limekubaliwa hupita mlangoni bila kubisha hodi. Jaribio la Elizabeth Loftus na Guido Zanni, lililochapishwa mwaka 1975, linaonyesha uzito wa jambo hili. Washiriki walitazama filamu fupi ya ajali ya gari, kisha wakaulizwa kama waliona taa ya mbele iliyovunjika. Baadhi yao waliulizwa kwa 'a' na wengine kwa 'the'. Walioulizwa kwa 'the' walielekea zaidi kusema kwamba waliiona taa hiyo hata pale ambapo filamu haikuwa nayo. Neno dogo lilikuwa limewaahidi kwamba taa ipo, nao wakaiamini ahadi.

Waswahili husema ahadi ni deni. Anayetumia 'the' amejitia katika deni: amemwambia msikilizaji kwamba kitu kinachotajwa kipo, na kwamba anazo njia za kukitambua. Deni hilo laweza kuwa kubwa hata katika maandishi ya kitaaluma. Mtafiti anayeandika kwamba jambo fulani ni 'a cause' ya ugonjwa amesema ni sababu mojawapo. Akiandika 'the cause' amezifuta sababu nyingine zote. Hapa Mrusi anayeandika kwa Kiingereza hana udhuru wa kusema kwamba lugha mama yake haimlazimishi kuchagua. Angeandika kwa Kirusi bado angetakiwa kusema kama sababu ni moja au ni nyingi.

Mgeni katika ulimwengu wa mwenyeji

Hata hivyo, kulipa deni ni kazi nzito kwa mgeni kuliko kwa mwenyeji. Kanuni inayofundishwa kwanza husema: kitu kikitajwa mara ya kwanza kipewe 'a', kikirudiwa kipewe 'the'. Kanuni hii hushindwa mapema. Msimulizi akisema kwa Kiingereza kwamba alihudhuria harusi, ataendelea mara moja na 'the bride', ingawa bibi arusi hajatajwa hata mara moja. Inatosha kwamba msikilizaji anajua kuwa harusi haikosi bibi arusi.

Ndiyo kusema kwamba kibainishi hupimwa kwa hazina ya mambo yanayojulikana na jamii nzima, wala si kwa sentensi iliyotangulia pekee. Bibi arusi yuko Urusi kama alivyo Uingereza, kwa hiyo hapo mgeni ataelekezwa na akili yake. Lakini kila jamii ina mambo yake ambayo huchukuliwa kuwa hayahitaji kutambulishwa: kasisi wa kijiji, duka la pembeni, gazeti la Jumapili. Anayetaka kuteua kibainishi sahihi sharti ajue kile ambacho wenyeji hawaelezani. Maarifa ya namna hii hayapatikani katika kitabu cha sarufi, na anayeyakosa hajakosa akili wala uaminifu. Amekosa miaka ya kuishi mahali fulani. Kumhukumu kwa hilo ni kumtoza mgeni kodi ya kutozaliwa hapo.

Ukimya wa nomino ya Kirusi

Fasihi ya Kirusi inatoa ushahidi kwamba kutolazimishwa kuchagua kunaweza kuwa utajiri. Tamthilia ya Nikolai Gogol 'Revizor', iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1836 na ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali, huanza kwa tangazo la meya kwamba mkaguzi anakuja mjini. Kwa wakati huo ni mkaguzi tu, mtu asiye na uso. Kisha inasikika habari kwamba kijana kutoka Petersburg amekwama katika nyumba ya wageni bila kulipa. Mara moja Khlestakov, karani mdogo asiye na fedha, anakuwa yule mkaguzi. Hakuna ushahidi uliowavusha maafisa kutoka kwa mkaguzi fulani hadi kwa mkaguzi huyu. Waliovushwa ni watu wenye dhambi zao, na chombo chao kilikuwa hofu. Katika Kirusi neno 'revizor' hubaki vile vile kabla na baada ya kivuko hicho, na kosa la maafisa hupita bila alama yoyote ulimini mwao. Mfasiri wa Kiingereza hana budi kutia alama kila hatua.

Hadithi fupi ya Anton Chekhov ya mwaka 1899, 'Dama s sobachkoi', inakwenda mbali zaidi. Katika mji wa Yalta watu wanamwita mwanamke mgeni kwa mbwa wake mdogo kwa sababu hawajui jina lake. Kwa Gurov, mwanamume mwenye mke na mazoea ya kubadilisha wapenzi, mwanamke huyo kwanza ni mmoja kati ya wengi. Hadithi inapokwisha amekuwa pekee duniani. Anwani ya Kirusi, kwa kuwa haina kibainishi, inawabeba wanawake wote wawili: yeyote yule, na yule mmoja tu. Constance Garnett, katika tafsiri yake ya mwaka 1917, alitia 'the' kwa bibi na kwa mbwa. David Magarshack, katika tafsiri iliyotoka mwaka 1964, aliviacha vibainishi vyote, akaandika 'Lady with Lapdog'. Hakuna aliyekosea. Lakini Garnett amempa msomaji tangu jaladani ahadi ambayo Gurov anahitaji hadithi nzima kuifikia, naye Magarshack, kwa kukataa kuahidi, ameipa anwani yake sauti isiyo ya kawaida katika Kiingereza.

Usahihi si uaminifu

Ikiwa kuacha kibainishi si lazima kuwe ni kuvunja ahadi, kukiweka sawasawa nako si lazima kuwe ni kuitimiza. Azimio namba 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa kwa kauli moja tarehe 22 Novemba 1967 baada ya vita vya Mashariki ya Kati, ni mfano wa kutosha. Nakala ya Kiingereza inataja kuondoka kwa majeshi ya Israeli kutoka 'territories' zilizotwaliwa katika vita hivyo, bila 'the'. Nakala ya Kifaransa ina 'des', ambayo huweza kusomwa kuwa maeneo yanayojulikana. Baada ya kura, mjumbe wa Umoja wa Kisovyeti, Vasily Kuznetsov, alieleza kwamba nchi yake inaelewa kuwa ni maeneo yote. Wengine wakashikilia kwamba ukimya wa Kiingereza ulikusudiwa. Mabishano hayo hayajakwisha hadi leo. Kisarufi, kila nakala ni sahihi. Kilichokosekana kilikuwa makubaliano juu ya kinachoahidiwa, na pengo hilo liliwekwa na wanadiplomasia waliokijua Kiingereza barabara.

Riwaya ya Vladimir Nabokov 'Pnin', ya mwaka 1957, yalipeleka jambo hili katika uwanja wa chuo. Timofey Pnin ni mhadhiri Mrusi katika chuo cha Marekani, na Kiingereza chake kibovu ni burudani ya wenzake. Mmoja wao amefanya kumwigiza kuwa sanaa yake. Msimulizi naye ni Mrusi, lakini Kiingereza chake hakina doa. Msomaji hugundua polepole kwamba Pnin mwenyewe anamshutumu msimulizi huyo kuwa ni mzushi. Aliyeimiliki sarufi ndiye ambaye maneno yake yanahitaji kupimwa, na anayechekwa kwa sarufi yake ndiye asiyemdanganya mtu.

Hitimisho

Mwandishi Mrusi anayeandika kwa Kiingereza anadaiwa jitihada, kwa kuwa msomaji wake amezoea kuongozwa na vibainishi, na kumwacha gizani ni kumtwisha kazi isiyo yake. Lakini jitihada hiyo haianzi na kanuni ya kutaja mara ya kwanza na mara ya pili. Inaanza na swali ambalo mtoto wa Moscow hulijibu kwa mpangilio wa maneno na mtoto wa Mombasa kwa kiambishi: huyu ninayesema naye anajua nini tayari? Mwalimu anayeanza hapo anamkumbusha mwanafunzi wajibu ambao alikuja nao kutoka kwao.

Msomaji naye ana deni lake. Msimamizi wa tasnifu anayekuta 'the' imekosekana katika ukurasa wa mwanafunzi mgeni anapaswa kwanza kuuliza kama kitu kinachotajwa kinatambulika. Kikitambulika, ahadi imetimizwa kwa njia nyingine, na kilichobaki ni marekebisho ya kalamu. Na anapokuta 'the cause' iliyoandikwa bila kosa lolote la sarufi, hapo ndipo anapaswa kusita na kudai ushahidi.