Mgeni Asiye na Cheti

Wako bata bukini watagao Greenland, nao wakati wa baridi huhamia Uskoti. Mara chache mmoja huonekana Amerika, katikati ya kundi lisilo lake. Watazamaji wa ndege husema, "Labda ametoroka katika bwawa la mtu." Lakini mwaka 2005 mmoja aliuawa na mwindaji huko Ontario, Kanada, akakutwa na pete mguuni, aliyovikwa katika kisiwa cha Islay, Uskoti, mwaka 2004. Ndipo akasadikiwa, naye amekwisha kufa!

Nasi mgeni akija usharikani twadai cheti. Ni vema, maana wadanganyifu wako. Lakini asiye nacho, je, ni mwongo? Mimi nilimketisha mmoja nyuma kanisani miezi mitatu, nikingoja barua. Ilipofika, yeye alikuwa amekwisha kwenda zake.