Upana wa Pambizo

Duka la fremu huwa na majibu tayari. Zipo A4 za vyeti, zipo A3, zipo za sentimita 30 kwa 40 na 40 kwa 50, na zile za 50 kwa 70 zinazoegemezwa ukutani kwa sababu hazienei kwenye rafu. Mnunuzi anakuja na picha yake imeviringishwa, inapimwa, inatafutiwa fremu inayoikaribia. Ikipwaya, inawekewa kadi nyeupe iliyotobolewa dirisha katikati. Ikizidi, inapunguzwa kwa wembe. Ni kazi ya muda mfupi, ila wembe ule unapopita kuna swali linajibiwa bila mtu kuliuliza: kitu hiki kinaishia wapi?

Naliona swali hilo kuwa kubwa kuliko duka. Anayetafuta maana ya jambo lolote, iwe ndoa, safari au msiba, huwa ameshaamua kabla ya kufikiri wapi jambo hilo linaanza na wapi linakoma. Uamuzi huo huwa hatuuoni. Kwenye fremu unaonekana, na unaweza kuupima kwa rula.

Chukua picha iliyochapwa kwa bamba la shaba. Msanii huchora mistari kwenye bamba, tindikali ikaila mistari hiyo ikawa mifereji, wino ukajazwa humo, kisha karatasi iliyoloweshwa ikalazwa juu na vyote vikapitishwa kwenye mashine ya kubana. Karatasi hutoka na mchoro, na kuuzunguka mchoro kuna mbonyeo, kwa kuwa kingo za bamba nazo zimejichapa. Nje ya mbonyeo ni karatasi tupu. Hapo chini, kwa penseli, kushoto kuna namba, tuseme 7/50, na kulia kuna sahihi. Madirisha ya kadi zinazouzwa tayari hukatwa madogo kidogo kuliko karatasi, ili kadi ishike kingo: kwa picha ya 30 kwa 40, dirisha huwa karibu 29 kwa 39. Kwa bango la kawaida hakuna hasara. Lakini fundi akiupimia mchoro wenyewe kwa kanuni hiyohiyo, mbonyeo unafichwa, na namba na sahihi pia. Kilichobaki kinapendeza bado, ila hakisemi tena kwamba kilitoka chini ya bamba, wala kwamba kina ndugu 49.

Kuna msanii aliyelichukulia jambo hili kama vita. James McNeill Whistler, Mmarekani aliyeishi London, alifilisika mwaka 1879 baada ya kesi yake dhidi ya mhakiki John Ruskin, akaenda Venice kutengeneza seti ya mabamba 12 aliyoagizwa na Fine Art Society, duka la sanaa la London. Alikaa huko zaidi ya mwaka. Picha hizo zilipoonyeshwa London mwezi Desemba 1880, wakusanyaji walikuwa wamezoea kuthamini picha ya bamba kwa upana wa karatasi tupu inayoizunguka. Whistler akaikata yote. Alipitisha kisu kwenye mbonyeo, akabakiza kilimi kidogo tu chini, mahali pa kutia alama yake ya kipepeo. Kwake, kazi ya msanii ilikoma pale bamba lilipokoma, na karatasi iliyozidi ilikuwa tamaa ya wakusanyaji.

Namheshimu kwa hilo. Hakuuachia ukingo ujiamulie wenyewe, wala hakuwaachia wakusanyaji. Hata hivyo kile kilimi kinanifikirisha kuliko kisu. Mtu aliyeapa kwamba hakuna kitu nje ya bamba alihitaji pembe ndogo nje ya bamba ili aseme, hii ni yangu.

Wanafalsafa wamelisogelea suala hili kwa namna mbili. Immanuel Kant, mwaka 1790, aliiweka fremu kundi moja na nguo za sanamu na nguzo za majumba: mapambo ya nje, na ikiwa imepakwa dhahabu ili tu kuvuta macho, inauharibu uzuri. Georg Simmel, mwaka 1902, aliipa kazi nzito zaidi. Kwake fremu huitenga picha na dunia, na kwa kuitenga huiwezesha kuwa kitu kizima. Nipo upande wa Simmel, ila naongeza hili: kabla ya mbao kuna ile kadi, na kadi hiyo haimo katika picha wala katika ukuta. Ni nafasi ya kupumzisha jicho lililotoka kuangalia kiti, pazia na mwanga wa barabarani. Jicho likishatulia ndipo huanza kusoma.

Jamii zetu zinaijua nafasi ya namna hiyo, ila kwa siku badala ya sentimita. Harusi haiishi wageni wanapoondoka. Kuna fungate, siku saba ambazo maharusi hawadaiwi kazi. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi. Eda ina sababu zake katika sheria ya dini, nami siziondoi. Nasema tu kinachoonekana kwa jirani: siku zile zisizo na shughuli ndizo zinazomwonyesha ukubwa wa kilichotokea. Aliyezikwa asubuhi, na jioni watu wote wakarudi sokoni, hajapunguziwa utu wake, ila sisi tumepunguziwa uwezo wa kuuona.

Kwa hiyo upana wa pambizo si suala la mapambo. Picha ndogo, ya sentimita 10 kwa 15, hustahimili pambizo pana kuliko picha kubwa, hata sentimita nane au tisa kila upande, kwa sababu isipopata nafasi ukuta unaimeza. Bango la mita moja linaweza kukaa bila kadi kabisa, maana tayari limelijaza jicho. Na upande wa chini huachwa mpana kidogo kuliko wa juu; ukilinganisha pande zote sawasawa, picha huonekana kama imeteleza. Lakini pambizo pana mno hufanya kosa jingine, la kuomba heshima ambayo mchoro haujaidai.

Kwetu pwani kadi ina pia sababu ya kimaumbile. Unyevu ukigeuka maji ndani ya kioo, karatasi inayokigusa hunata, na ukungu huanzia hapo. Kadi huisogeza karatasi nyuma. Iwe ya pamba basi, kwa kuwa kadi duni ya rojo la mbao ina tindikali, na baada ya miaka huchora mstari wa kahawia kuzunguka dirisha. Karatasi ishikwe juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyepesi na gundi ya wanga. Hutanuka na kunywea kwa majira, na ikigandishwa pande zote huvimba mikunjo.

Yote haya huamuliwa vibaya na anayeanza na ukuta. Swali la kwanza ni mtazamaji atasimama wapi. Mistari ya picha ya bamba husomwa kwa umbali wa mkono, kwa hiyo ukuta ulio nyuma ya makochi haufai, hata ukiwa na nafasi tele. Ukumbi mwembamba wa kuelekea vyumbani unafaa. Hapo ningekata dirisha liache milimita tano nje ya mbonyeo juu na pembeni, na chini zaidi, mpaka namba na sahihi zisomeke. Kisha pambizo ya sentimita saba, nane kwa upande wa chini, na fremu nyembamba ya mbao isiyopakwa rangi.