Wageni wa Uislamu



Ndugu zangu, katika kundi letu la WhatsApp la wanaojifunza kuandika programu, faili lisilojulikana limehifadhiwa wapi tumezoea kuliita "chokoraa". Mtu anauliza, "Chokoraa wetu kalala wapi leo?" nasi tunacheka. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, programu nilizifuata kwa kupenda tu, lakini nilicheka pamoja nao, na mara mbili utani huo niliuanzisha mwenyewe.

Mwezi uliopita ndugu mmoja alijitoa kundini bila kuaga. Nilimfuata baada ya Isha. Akaniambia kwamba kabla madrasa haijampokea alilala miaka miwili kwenye vibaraza vya maduka Kampala. "Jina hilo nilikuwa naitwa huku naamshwa kwa teke," alisema.

Suratul Hujurat, aya ya 11, naihifadhi tangu utotoni. Inatukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na inatuonya kwamba huenda anayechekwa ni bora kuliko anayecheka. Nimeisoma katika Swala mara ngapi sijui.

Maradhi haya si yetu peke yetu. Mwaka 2016 kule San Francisco, mji wa matajiri wa kompyuta, kijana mwenye kampuni alimwandikia meya barua ya wazi akilalamika kwamba haimpasi kuiona dhiki ya wasio na makazi kila aendapo kazini. Baadaye aliomba radhi kwa neno la dharau alilowaita. Kwa neno tu, lalamiko lilibaki. Hapo ndipo ninapoogopa, maana sisi nasi tunaweza kubadilisha jina la faili na moyo ukabaki ulivyo.

Sasa tazameni Madina. Ahlu Suffa hawakuwa na nyumba, mali wala jamaa wa kuwapokea, walilala chini ya kipaa cha msikiti wa Mtume (s.a.w.). Abu Huraira (r.a.), aliyekuwa miongoni mwao, anawataja kuwa ni wageni wa Uislamu. Siku moja njaa imembana, Mtume akaletewa bakuli la maziwa, akamtuma awaite wenzake wote. Abu Huraira anakiri kwamba lilimuudhi: maziwa yale yatawatosha nini watu wale? Akawanywesha mmoja mmoja mpaka wakatosheka, kisha naye akanywa mpaka hakuna nafasi tumboni. Mtume akanywa wa mwisho.

Mwenzetu mmoja kaniambia, "Sheikh, maskini anataka chakula, si msamiati." Kweli anataka chakula. Lakini Ahlu Suffa walipata maziwa na jina la heshima pamoja, na sisi tulikuwa hatujatoa hata kimoja.

Nimemwomba ndugu yule msamaha. Alinijibu, "Yaliyopita si ndwele." Kundini hajarudi.