Mtaji wa kamari ni hasira ya ndugu yako

  

Ndugu yangu Muislamu, wiki hii sitamzungumzia yule tunayemcheka mitaani, anayechana mkeka wake Jumamosi usiku kwa sababu timu moja kati ya kumi na mbili imemwangusha. Huyo amenasihiwa sana, na mara nyingi mwenyewe hukiri kuwa amekosea. Nataka tumzungumzie yule anayecheza kwa utaratibu: ana daftari, ana mtaji, hapandishi sauti, na anaamini kuwa nidhamu yake imemtoa katika hukumu ya kamari. Nazungumza kwa sababu mmoja wao nilimsomesha mwenyewe, na kwa sababu pesa yake niliipokea kwa mkono wangu.

Kijana huyu alisoma madrasa kwetu hapa Moshi. Alikuwa mwepesi mno wa hesabu. Masuala ya mirathi yaliyowatoa wenzake jasho, yeye aliyamaliza ubaoni huku wengine wakitafuta kalamu. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda mlimani kama vijana wengi wa mji huu. Akawa mgumu, yaani mpagazi wa kubeba mizigo ya watalii: kilo 20 kichwani, kupandia Machame, kushukia Mweka, siku sita au saba. Huko kambini, jioni wageni wakishalala, ndiko alikojifunza karata za pesa. Baadaye simu ikamfundisha mchezo unaoitwa poka, na naye akawafundisha wenzake.

Siku moja baada ya swala ya Isha tulikaa barazani, akanifungulia moyo.

"Ustadh, mimi sichezi kama wajinga," alisema. "Pesa ya chakula na kodi nimeitenga. Mtaji wa karata uko peke yake, na siketi mezani na zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya mtaji huo. Mtaji ukipungua, nashuka kwenye meza ya dau dogo. Nikipoteza mara tatu mfululizo, naondoka. Sichezi nikiwa na hasira, wala njaa, wala usingizi. Anayefilisika ni yule anayekimbilia kurudisha alichopoteza."

Akanihadithia habari za Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani aliyeanzia kwenye intaneti kwa kiingilio kidogo, kisha mwaka 2003 akashinda mashindano makubwa ya poka kule Las Vegas na kuondoka na dola milioni 2.5.

Nakiri kwenu kuwa nilivutiwa. Mambo aliyoyataja yanafanana na yale tunayowafundisha watoto: subira, kuihesabu nafsi, kuizuia ghadhabu. Je, Mtume (S.A.W.) hakutufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa mwenye nguvu si yule anayewabwaga watu chini bali ni anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika? Nilimwambia tu kwamba mchezo huo una shaka, aachane nao. Nilisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika. Mwezi uliofuata aliniletea shilingi 300,000 za madrasa. Nikajisemea kuwa kijana huyu anabeba mizigo pia, kwa hiyo huenda hii ni jasho lake la mlimani. Sikumuuliza. Nikanunua mikeka, hii ya kukalia wanafunzi, si ile ya kubetia.

Hayakupita majuma mengi, mtoto mmoja wa darasa la awali akawa haonekani madrasa. Nikaenda kwao Njoro kumuulizia. Mama yake akanikaribisha kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa chini. Baba wa mtoto ni mgumu pia. Alikuwa amerudi kutoka mlimani mikono mitupu. Usiku ule waliposhuka Mweka na kulipwa, walikaa kucheza karata. Akapoteza malipo, akapoteza bakshishi, kisha akaweka viatu vyake vya mlimani, navyo vikaenda. Mgumu asiye na viatu hachukuliwi safari. Nyumba ilikuwa inakula uji bila sukari, na mtoto alibaki nyumbani kwa kuwa mama aliona haya kumleta bila ada ya mwezi. Nikauliza alicheza na nani. Akanitajia.

Nilimwita kijana wangu. Hakukataa, kwani hakuona la kuficha. Akafungua daftari lake, akanionyesha ukurasa wa usiku ule: tarehe, kiasi alichoingia nacho, kiasi alichotoka nacho. Pembeni, mbele ya jina la yule baba, alikuwa ameandika neno moja: "Amepandwa."

Nikamuuliza maana yake. Akasema: "Alikuwa ameshapandwa na hasira, Ustadh. Alipopoteza karata ya kwanza kubwa, akaanza kuweka dau bila kufikiri. Usiku kama ule ndio wa kuvuna."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipofahamu nilichopaswa kukifahamu tangu barazani. Nidhamu ya kijana huyu ilikuwa ya kweli, lakini hebu tujiulize ilikuwa inamlisha nini. Watu sita wakikaa mezani, kila mmoja na shilingi 10,000, hapo pana 60,000. Wacheze mpaka alfajiri, asubuhi pana 60,000 zile zile, ukitoa alichokata mwenye meza. Hakuna aliyelima, hakuna aliyebeba mzigo, hakuna aliyeshona wala aliyeuza. Kila shilingi iliyozidi kwa mmoja imepungua kwa mwenzake. Na inatoka kwa nani zaidi? Inatoka kwa yule aliyeshindwa kuizuia nafsi yake. Hata zile milioni za Las Vegas zilitokana na viingilio vya wachezaji 839, dola 10,000 kwa kila nafasi. Basi mchezaji mwenye nidhamu huvuna katika ghadhabu ya mwenzake. Wote mezani wakiwa watulivu kama yeye, hana faida.

Sasa rejea katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91. Allah (S.W.) ameitaja kamari pamoja na pombe kuwa ni uchafu katika kazi ya shetani, kisha akatubainishia anachokitaka shetani kwa mambo hayo mawili: kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia tusimkumbuke Allah na tusiswali. Zingatia kuwa sababu iliyotajwa si kwamba mchezaji hajui hesabu. Uadui na chuki si ajali inayompata mchezaji mbaya peke yake. Ni mavuno ya mchezo wenyewe, na yule fundi ndiye anayeyavuna.

Wapo watakaosema kuwa poka ni ustadi, haitegemei bahati peke yake. Tuwaambie kuwa ustadi hauhalalishi. Wanazuoni wanaitambua kamari kwa jambo moja: kila mmoja ametoa chake, naye yuko baina ya kuchukua cha mwenzake na kupoteza chake. Wengine watasema biashara nayo ni bahati nasibu. La hasha. Muuza mitumba wa Kiboriloni anaweza kupata hasara, lakini mteja wake anaondoka na shati. Katika karata aliyeshindwa anaondoka na nini?

Na wapo watakaosema kuwa serikali imeruhusu. Ni kweli, tunayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na leseni hutolewa. Leseni inamwondolea mtu kesi mahakamani. Haimwondolei hesabu mbele ya Mola wake.

Turudi kwa kijana. Aliniambia: "Basi Ustadh, nitapunguza. Nitacheza meza ndogo tu, nitakwenda pole pole." Nikamuuliza swali la kazi yake. Mgeni akifika kambi ya Barafu kichwa kinampasuka, anatapika, anayumba kama mlevi, mnamfanyaje? Akajibu: "Tunamshusha." Nikamwambia, hammwambii aendelee kupanda pole pole? Akasema: "Hapana. Pole pole ni ya mtu mzima. Huyo akipanda anakufa, tunamshusha hata kama ni usiku wa manane." Kisha akanyamaza, na mimi nikanyamaza, kwa sababu alikuwa amejijibu.

Lakini nilikuwa na deni langu mwenyewe. Amepokea Bukhari kisa cha Sayyidna Abubakar (R.A.), aliyekula chakula alicholetewa na mtumishi wake. Alipoambiwa kuwa kimetokana na malipo ya ukuhani wa zama za ujahili, alitia mkono mdomoni akakitapika chote. Yeye hakujua alipokula. Mimi nilishuku nikajikaza nisijue. Allah ni mwema na hakubali ila kilicho chema. Nililipa zile 300,000 kutoka katika mshahara wangu kwa miezi mitatu, nikamkabidhi kijana, na sharti langu likawa moja tu: zisikae kwake, ziende kwa wenyewe.

Wenyewe walikuwa katika lile daftari. Hapo nidhamu yake ikapata kazi. Toba ina masharti: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na ikiwa ni haki ya mtu, kuirejesha. Tulikwenda pamoja Njoro na pesa na viatu. Yule baba hakutushukuru, wala hakupaswa. Alivitazama viatu, akauliza safari inayofuata ni lini. Mtoto alirudi madrasa Jumatatu. Daftarini kulikuwa na majina saba. Leo ninapoandika, manne yamepigwa mstari, na kijana bado anabeba mizigo ili ayafikie matatu. Ama pesa za simuni alizowala watu asiowajua, wanazuoni wamesema azitoe kwa masikini kwa nia ya kujivua nazo, si kwa kutaraji thawabu.

Ndugu Waislamu, tusiwaachie vijana peke yao. Wagumu wanashuka mlimani na fedha taslimu mfukoni, wamechoka, na wa kwanza kuwapokea ni mwenye karata, mwenye mashine ya dubwi na mwenye kibanda cha kubeti. Sisi wa misikitini tuko wapi saa hiyo? Tunashindwaje kuwa na mfuko wa akiba usio na riba, ambao kijana ataweka malipo yake siku ile ile anayolipwa, kabla ya giza kuingia? Maimamu watupe khutba za jambo hili bila kutukana watu. Wazazi tuangalie simu za watoto wetu. Na sisi walimu, tunapoletewa sadaka nono na kijana asiye na duka wala shamba, tuulize.

Nawe unayecheza kwa utaratibu na hujawahi kufilisika, usijipime kwa kilichobaki katika mtaji wako. Fungua daftari lako usiku wa leo, utazame majina ya uliowashinda, kisha umuulize kila mmoja katika nafsi yako: watoto wake walikula nini?

Wabillahi tawfiq.