Msondo ni Nani?

Jioni moja kijiweni kwetu Mchikichini, nyuma ya meza za mitumba, jamaa mmoja alisema Msondo ilishakufa siku nyingi. "Gurumo hayupo, TX Moshi hayupo. Hawa wa leo wamevaa jina tu!" Fundi cherehani aliyekuwa akipunguza koti hakuinua hata kichwa. "Hili nimelibadili mikono, bitana na vifungo. Mwenyewe akija nimwambie si lake?"

Tukacheka. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na nitakueleza sababu, ndugu msomaji.

Bendi ile ilizaliwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi nayo ikageuka. Kilipokuwa OTTU, ikafuata. Msondo, jina la ngoma, lilikuwa la mtindo tu, na ndilo lililobaki. Muhidin Gurumo, mmoja wa waanzilishi, alihama mwaka 1978 kwenda Mlimani Park, wale wa Sikinde. Mwaka 1985 akavutwa Safari Sound. Baadaye akarudi Msondo. Alipofariki Aprili 2014 nilikuwa mdogo, ila sikumsikia mtu mtaani akimwita msaliti.

Mimi nimemwita mtu hivyo. Tulikuwa wanne, tumemaliza kidato cha nne pamoja, tukaanzisha kundi la waandishi na daftari moja kubwa la hadithi. Mwaka jana mwenzetu aliyebuni jina la kundi alihamia kwa wengine wenye kompyuta. Nikamtukana mbele ya watu. Alipoomba hadithi zake nikakataa: ni mali ya kundi, bwana!

Nilijitetea hivi. Gurumo alikuwa mwajiriwa. Magitaa yalikuwa ya mwenye bendi, naye alikuwa na haki ya kutafuta pa kula. Sisi hatukuajiriwa na mtu, tulipeana neno, na kuvunja neno ni kubaya kuliko kuacha kazi. Hoja nzuri, eti? Kumbe ina tundu. Hata mwenye magitaa hakumdai mwimbaji koo lake. Mimi nisiye na gitaa nimedai la mwenzangu.

Na kundi je? Sunburst, vijana wa roki wa hapa hapa Dar, walitoa Ave Africa mwaka 1976. Rekodi zao zilipotolewa upya mwaka 2016, kundi lilishavunjika zamani. Kwetu tumebaki wawili, wameingia watatu wapya, na mmoja anaandika kunishinda (inauma kidogo). Hajui jina letu lilitoka wapi. Nadhani fundi ana haki kuliko yule jamaa, lakini koti lake lina mtu atakayelifuata. Msondo ina wanaokwenda kuicheza. Sisi bado hatujasomwa na yeyote.

Juzi nilichukua wembe nizikate kurasa zake, kumi na nne. Nimekwama kwenye tatu: nyuma yake kuna hadithi zangu.