Mumpe Simu

Mwalimu mstaafu akifika barazani kwetu, hapa Kilwa Masoko, baada ya magharibi, salamu zenyewe hazijaisha anaulizwa kama kaja na kitabu. Kitabu hicho ni kamusi ya Kiingereza iliyobanduka jalada. Kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, nasi tumekubaliana kwamba Kiingereza kinaanzia herufi D.

Mchezo wetu hauna jina. Mwalimu hufungua popote, akasoma neno ambalo nadhani hata Waingereza wengi hawalijui, kisha kila mmoja analipa maana kwa uso mkavu. Ukicheka kabla hujamaliza kusema, kahawa ya wote ni juu yako. Mwishoni husomwa maana ya kitabuni, halafu tunaamua nani kashinda. Kitabu hakishindi mara nyingi.

Jioni moja likatoka neno "kibosh". Kijana wa bodaboda hakusita: ni bosi mdogo, yule aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo tu akaanza kutembea kama mwenye kampuni. Wingi wake, akaongeza, ni vibosh. Likafuata "gubbins", mvuvi mmoja akasema hao ni watu wenye gubu, na akataka kututajia mfano wa nyumbani kwake, tukamzuia kwa usalama wake. Kamusi ilisema la kwanza ni kitu cha kukomesha jambo, na la pili ni vikorokoro. Wataalamu wa Kiingereza wenyewe bado wanabishana "kibosh" lilitoka wapi, kwa hiyo sioni kwa nini kijana wetu anyimwe nafasi katika mjadala.

Wengi wa barazani waliishia darasa la saba. Waliosonga mbele walikutana na badiliko lile linalojulikana nchini kote: miaka yote ya shule ya msingi umesoma kwa Kiswahili, ukifika sekondari karibu kila somo linageuka Kiingereza. Kwetu lugha hiyo ilikuwa mtihani, haikuwahi kuwa mchezo. Ulikosea neno, darasa zima likacheka, na ulifunga mdomo mpaka muhula uishe. Mimi nilifunga wangu karibu miaka miwili. Ndiyo maana nikimwona mtu mzima, mikono ingali na magamba ya samaki, analishika neno gumu la Kiingereza na kuliambia "wewe maana yako ni hii", nahisi kuna deni la zamani linalipwa.

Halafu likatoka "mumpsimus".

"Mumpe simu," akasema muuza kahawa huku anamimina. "Hiyo 'us' ya mwisho ni sisi. Mumpe simu, atupigie sisi."

Hatukufika mbali usiku ule. Ila maana ya kweli ilinifuata mpaka nyumbani. Mwaka 1516 msomi Erasmus alisimulia habari za padri mmoja aliyezoea kukosea neno la Kilatini katika misa: mahali pa "sumpsimus" yeye alisema "mumpsimus". Alipokosolewa alikataa kubadilika, kwa kuwa ndivyo alivyosema miaka yote. Waingereza wakalichukua kosa lake wakalifanya neno: mtu anayeng'ang'ania kosa hata baada ya kuonyeshwa.

Padri yule hakuwa anacheza, na hapo ndipo ninapopatazama sana. Sisi tunasema uongo, lakini kitabu kipo mapajani mwa mwalimu, na kila mmoja anajua kwamba kitasomwa. Uongo wetu una mwenyewe, na una saa ya kurudi nyumbani. Uongo uliopotewa na mwenyewe huzurura.

Mmoja wao unazurura nchi nzima. Muulize mtu Dar es Salaam neno machinga limetoka wapi. Wapo watakaokujibu kwa uhakika kabisa kwamba ni Kiingereza, "marching guys", vijana wanaopiga mguu kutwa nzima na bidhaa mkononi. Nakiri ni utani mzuri. Aliyeutunga angeshinda barazani kwetu na kunywa bure wiki nzima. Lakini Wamachinga ni watu, na kwao ni pwani hii hii. Ukishuka barabara ya kwenda Lindi utaikuta Mchinga. Vijana wa kusini walikwenda mjini kuchuuza, na jina la kwao likabaki kwa kila mchuuzi, hata aliyetoka Mwanza. Bibi mmoja wa huko alinisimulia kwamba mjukuu wake alirudi kutoka mjini akamweleza kuwa kabila lao ni neno la Kizungu. Bibi alicheka sana, akanyamaza, akaniuliza: "Sasa sisi tulikuwa tunaitwaje kabla Mzungu hajaja?"

Sina ugomvi na mtunzi wa utani ule. Ugomvi wangu ni na sisi tulioupokea bila kuuliza kitabu kiko wapi, na nadhani tuliupokea upesi kwa sababu ulivaa Kiingereza. Ungekuwa wa Kimwera, lugha ya huku kusini, tungeuhoji.

Siku za karibuni kamusi ilisahauliwa nyumbani. Mwalimu akasema tutumie neno letu, akaelekeza kidole ng'ambo ya mlango wa bahari, Kilwa Kisiwani, ilipo ngome ya kale yenye jina hilo: gereza. Muuza kahawa alilipa maana yake, mvuvi yake. Mwalimu alipoulizwa yake alisema, kwa uso mkavu kuliko wote: "Kanisa."

Baraza liliangua kicheko. Alijitetea kwamba ni Kireno, "igreja", kwamba Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505, kwamba hata Ngome ya Yesu, Mombasa, ilifungiwa watu mpaka mwaka 1958. Kadiri alivyozidi kutaja miaka ndivyo tulivyozidi kumsifu kwa ufundi wa kuzusha. Tulimpa ushindi kwa kauli moja. Akanywa kahawa yake kimya, akaaga.

Keshokutwa yake kijana wa bodaboda alinisimamisha njiani, pikipiki inaunguruma. "Shikamoo mzee. Samahani, lile la kanisa," akasema, "mwalimu alikuwa anacheza, au?"