Saa ya Rali Iliyovuka Ziwa

Mkulima wa kahawa wa Mbuji, wilayani Mbinga, hapokei gunia kwa kutazama mdomo wake. Atazamisha mkono hadi chini, atatoa punje, ataimenya ganda, ataing'ata asikie kama imekauka sawasawa, kisha ataipeleka puani. Anajua kuwa mwenye nia ya kudanganya huweka kahawa njema juu. Kijana wa kisa hiki alikulia katika kazi hiyo, akaanika kahawa vichanjani tangu utotoni, lakini siku aliyonunua saa aliridhika na kilichokuwa juu.

Chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, kilikuwa kimelipa baada ya mnada. Baba yake alimkabidhi pesa akanunue mbolea Mbinga mjini. Akiwa njiani rafiki yake akampigia simu: kuna mfanyabiashara amevuka Ziwa Nyasa kwa boti kutoka Nkhata Bay, Malawi, anayo saa ya zamani ya kronografu, anaitoa kwa milioni moja na laki nane, na Dar es Salaam wapo wanaonunua za aina hiyo kwa mara kumi ya bei hiyo. Kijana akapitiliza Mbinga, akateremka na barabara ya lami hadi Mbamba Bay, mbolea ikasahaulika.

Saa yenyewe ilipendeza. Uso mweupe wenye jina la Heuer Carrera, vijiduara vitatu ndani yake, na vitufe viwili ubavuni: kimoja cha kuanzisha na kusimamisha mshale wa kupimia muda, kingine cha kuurudisha kwenye sifuri. Chuma kilimetameta pande zote. "Mdogo wangu," mfanyabiashara alimwambia, "saa hii ilivaliwa na msoma ramani wa Safari Rally, Pasaka ya 1966. Haijaguswa tangu siku hiyo." Kisha akaifunika kwa koti, akamwita achungulie. Mishale iliwaka kijani gizani. "Unaona? Mpaka leo inawaka." Kijana alitaka kuuvua mkanda aitazame vizuri, akaambiwa auache, umezeeka, utakatika. Akalipa.

Ubaya wa maneno ya mfanyabiashara ni kwamba mengi yalikuwa ya kweli. Safari Rally ilianza 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi iliendeshwa wakati wa Pasaka. Mwaka 1966 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404, na mwaka 1967 walishinda tena. Waliokuwa wakisoma ramani na kuhesabu muda walihitaji saa za namna hiyo. Hata kampuni ya Heuer ilijulikana kwa saa za mbio: mwaka 1963 ilitoa Carrera, iliyopewa jina la mbio za magari za Mexico. Historia hiyo yote inaweza kuthibitishwa na mtu yeyote mwenye simu. Kisichothibitishwa nayo ni saa iliyo mkononi. Muuzaji hodari hahitaji kutunga hadithi. Anachukua ya kweli na kuiegemeza kwenye kitu kisichohusika nayo.

Wiki iliyofuata kijana alikwenda kwa fundi saa Mbinga mjini ili apate mtu wa kumthibitishia kabla ya kuipeleka Dar.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona imeng'arishwa sana hii."

Kijana alidhani ni sifa. Fundi alivaa lenzi jichoni, akauvua mkanda bila kuukata, akamwonyesha masikio ya chuma yanayoushika. Carrera ya miaka ile, alisema, ina masikio yenye kingo kali, nyuso zilizokatwa wima na kukutana kwa mstari ulionyooka. Ya saa hii yalikuwa mviringo na membamba, kingo zimeliwa na mashine ya kung'arishia. Katikati ya masikio, mahali ambapo mkanda huficha, kiwanda kilipiga namba: upande mmoja ya modeli, upande wa pili ya saa yenyewe. Hapa palibaki alama hafifu tu, na tarakimu moja iliyosomeka nusu. Mchubuko wa kweli wa miaka sitini haupunguzi thamani ya saa kama unavyopunguza mng'ao huo. Chuma kilichokwanguliwa hakirudi.

Fundi akahamia usoni. Maandishi ya kiwandani huwa membamba na makali hata chini ya lenzi. Haya yalikuwa yamevimba kidogo, herufi moja imeinama, na vistari vya dakika havikukaa sawa na alama za saa. Vijiduara vitatu vilipaswa kuwa na mikwaruzo midogo ya mviringo inayocheza na mwanga. Rangi mpya ilikuwa imeifunika. Chini kabisa iliandikwa SWISS MADE bila herufi T, ambayo katika nyuso za miaka ile aghalabu iliashiria rangi ya kuwaka gizani yenye tritiamu.

Alipofika kwenye ule mwanga wa kijani, fundi aliinua kichwa. Saa za kale zaidi zilipakwa rediamu. Hiyo hudumu miaka 1,600 ndipo nguvu yake ipungue nusu, ingawa rangi iliyochanganywa nayo huchoka mapema na kuacha kuwaka. Kwa hiyo uso wa namna hiyo usikwanguliwe wala kupulizwa, maana vumbi lake ni hatari likiingia mapafuni. Miaka ya 1960 tritiamu ikachukua nafasi yake. Yenyewe hupungua nusu kila miaka 12 na kidogo. Rangi ya 1966 imepungua nusu mara karibu tano, imebaki takriban sehemu moja kati ya thelathini, nayo hugeuka rangi ya maziwa yaliyoganda. Inayojazwa na mwanga wa taa na kuwaka kijani kwa nguvu ni rangi ya aina nyingine, iliyobuniwa Japani mwaka 1993. Kile alichoonyeshwa chini ya koti kilikuwa ushahidi dhidi ya saa.

Kijana aliuliza kama basi mishale ni ya bandia. Hapa fundi alisema jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitaki. Saa hufanyiwa kazi. Pengine mtu fulani miaka ya nyuma alitaka kuona saa usiku, fundi wake akampaka rangi mpya, na hakuna aliyeibiwa. Wizi ulianza pale mtu aliposema haijaguswa.

Akafungua mgongo. Carrera yenye vijiduara vitatu ya 1966, modeli 2447, ilibeba mashine ya Valjoux 72, na ndani yake lipo gurudumu lenye vinguzo vilivyosimama linaloongoza vitufe. Hapa fundi aliona bamba bapa la chuma lililokatwa umbo, na chini ya gurudumu la mizani namba 7736. Mashine hiyo ilianza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Wakati wa Pasaka ya 1966 haikuwapo. Tena Heuer ilikuwa imeungana na Leonidas mwaka 1964 na iliandika jina lake juu ya mashine zake. Hii haikuwa na jina lolote. Ilitoka kwenye saa ya kampuni nyingine, ya heshima yake, ikavishwa uso usiokuwa wake.

Mwisho akajaribu vitufe. Mshale ulianza kwa kushtuka. Mshale uliporudishwa ulisimama sekunde mbili kabla ya sifuri. Mshale wa kijiduara cha masaa ulitambaa polepole hata kipimo kilipokuwa kimesimamishwa. Pembeni mwa vitufe palikuwa na kutu. Maji ya Nyasa hayana chumvi, lakini mpira uliokauka huyaingiza vilevile. Haya ya mwisho, fundi alisema, ni ugonjwa, na ugonjwa hutibika. Ukweli wa saa na uzima wake ni vitu viwili, na mtu huweza kununua kizima kisicho cha kweli, au cha kweli kilicho hoi. Kati ya hivyo viwili, hicho cha pili ndicho chenye bei.

Tusidhani tatizo hili ni la Mbamba Bay. Wenye ndugu Muscat wanajua saa zenye nembo ya jambia usoni, ambazo Sultan Qaboos wa Oman, aliyeshika madaraka 1970, aliagiza kupitia duka la Asprey la London na kuwatunukia watu. Rolex ya kawaida yenye nembo hiyo hupanda bei sana, na kwa sababu nembo ni tone la rangi tu, wapo wanaoipaka leo juu ya nyuso za kawaida. Huko pia anayenunua hufungua mgongo, huuliza karatasi, hulinganisha umri wa rangi ya nembo na rangi iliyo chini yake. Na bei ndogo mno huulizwa sababu. Carrera 2447 ya kweli huuzwa kwa maelfu ya dola. Aliyeitoa kwa bei ya pikipiki kuukuu alijua anachouza.

Mfanyabiashara hakuonekana tena Mbamba Bay. Kahawa ya nyumbani ilipita msimu ule bila mbolea, na baba wa kijana, ambaye hakumpigia kelele, alimfanya apalilie mashimo yote ya ngoro peke yake. Fundi alisafisha mashine, akatia mafuta, akarekebisha mshale, kisha akaandika karatasi: mashine namba 7736, uso umepakwa upya, mishale imepakwa upya, ganda limeng'arishwa, namba hazisomeki.

Kijana aliiuza saa kwa mwalimu mmoja wa Liuli kwa laki nne, akamsomea karatasi yote. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba mgongo ufunguliwe kwanza.